Kengele ya Njano Isivuke Ua

Juma hili tuingie bustanini.

Wako wapenzi wa maua yanayoitwa kitaalamu Campanula. Yana umbo la kengele, rangi ya buluu au zambarau, na hupendwa sana katika bustani za Ulaya. Aina nyingi hupandwa mara moja zikadumu miaka mingi. Wakati wa baridi majani hufa, mizizi ikalala ardhini, na joto likirudi mmea huchipua upya.

Sasa zichukue mbegu hizo uzipeleke Lamadi, mji ulio kando ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Pale hakuna baridi ya kuulaza mmea, na kiangazi chake ni kikali. Utapoteza fedha bure.

Je, mkazi wa Lamadi akose kengele? La hasha. Iko kengele ya njano, Tecoma stellans, kichaka chenye asili ya Amerika kinachostahimili jua na ukame. Chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyooza, panda mvua zinapoanza, kisha tandaza nyasi kavu kuhifadhi unyevu. Mwagilia mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo mmea hujitegemea.

Lakini penye sifa ndipo penye hatari. Mmea usiohitaji matunzo ya mtu hauombi ruhusa ya mtu kuvuka ua. Maganda yake membamba hupasuka, na mbegu zenye mabawa mepesi hupeperushwa na upepo. Afrika Kusini imekwisha kuuweka katika orodha ya mimea vamizi.

Na Lamadi ina majirani wawili wa kuheshimiwa. Wa kwanza ni Hifadhi ya Serengeti, ambayo lango lake la Ndabaka liko karibu kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta zaidi ya aina 200 za mimea ya kigeni katika eneo la Serengeti na Maasai Mara, nyingi zikiwa zimeletwa kwa makusudi. Mmea mgeni ukitawala mbugani, malisho ya wanyama hupungua.

Jirani wa pili ni ziwa, nalo lina kovu. Gugu maji lenye ua zuri la zambarau lilisambazwa duniani kama pambo. Katika miaka ya 1990 lilifunga njia za mitumbwi ya wavuvi, hata ikabidi waletwe mbawakawa wa kulitafuna.

Tufanyeje basi? Dawa ni mkasi. Maua yakinyauka, kata ncha za matawi kabla maganda hayajakauka. Faida ni mbili: matawi mapya yatachipua na kuleta maua zaidi, na mbegu hazitapata nafasi ya kuruka. Maganda yaliyokwisha kukomaa yachomwe moto.

Asiye na muda wa kushika mkasi, heri asipande. Ua la mtu lipambe nyumba yake, lisiwe mzigo kwa jirani.