Swichi tatu ndogo zaweza kuuponza wimbo

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Methali hii waliionja wanakwaya fulani wa mjini Machakos niliofuatana nao siku walipokwenda kurekodi. Walikuwa wamechanga pesa kwa miezi mingi, wengine wakiuza vyondo na maembe sokoni, hadi wakapata ada ya studio ya siku moja.

Jioni, kanda ilipochezwa, nyuso zilikunjamana. Ngoma ilikwaruza kama debe bovu. Sauti za akina mama waliosimama pembeni zilififia. Na chini ya wimbo wote yalinguruma malori ya barabarani, utadhani nayo yalilipia ada.

Mpenzi msomaji, kosa halikuwa la waimbaji. Maikrofoni iliyosimama mbele yao ilikuwa na swichi tatu ndogo ambazo siku nzima hakuna aliyezigusa. Maikrofoni nyingi za studio huwa nazo. Neumann U 87 ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa 1967 na ambayo hadi leo yathaminiwa duniani, inazo zote tatu.

Isikie upande gani?

Swichi ya kwanza huamua maikrofoni isikie kutoka wapi. Alama ya moyo husikia mbele na kupuuza nyuma. Yamfaa mwimbaji mmoja, kisha mgongo wa maikrofoni uelekezwe kwenye kelele. Alama ya duara husikia pande zote, nayo yaifaa kwaya iliyoizunguka maikrofoni katika chumba kimya. Alama ya nane husikia mbele na nyuma lakini si ubavuni. Yawafaa wawili wanaoimbiana ana kwa ana.

Siku ile swichi ilikuwa kwenye moyo, ilhali baadhi ya akina mama walisimama nyuma ya maikrofoni. Walikuwa wakimwimbia aliyewapa mgongo.

Tahadhari moja: kwenye moyo na nane, anayesogea karibu mno sauti yake huwa nene kupita kiasi. Duara haina tabia hiyo.

Kuchuja ngurumo

Swichi ya pili ni kichujio. Aghalabu huchorewa mstari uliopinda upande mmoja. Kazi yake ni kupunguza sauti nzito za chini kabisa, kama ngurumo za malori na vishindo vya miguu sakafuni.

Zipo zinazochuja kuanzia mitetemo 80 hivi kwa sekunde. Sauti ya besi ya mwanamume hushuka hadi karibu na hapo, kwa hivyo hadhuriki sana. Lakini zipo zinazoanzia 150 au 160, na hapo besi hukonda.

Ukambani ndiko alikotoka marehemu Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, na wapenzi wa muziki wake wajua uzito wa gitaa la besi. Waya wake mnene hutetema mara 41 tu kwa sekunde. Ukirekodi gitaa hilo, au ngoma kubwa ya kilumi, kichujio kizimwe.

Kupunguza makali

Swichi ya tatu ni pedi, nayo huandikwa -10 au -20, yaani desibeli. Hupunguza nguvu ya sauti kabla haijazidia mitambo iliyo ndani ya maikrofoni yenyewe. Pedi ya 10 hubakiza karibu theluthi moja ya volteji. Ya 20 hubakiza sehemu moja ya kumi. Iwashwe kwa ngoma na tarumbeta. Kwa mwimbaji wa sauti ya chini izimwe, la sivyo fundi atalazimika kuongeza sauti kwenye mashine na mvumo utapanda nayo.

Je, kompyuta haiwezi kurekebisha baadaye? Ngurumo yaweza kupunguzwa. Lakini sauti iliyokwaruzika ndani ya maikrofoni hairudi kuwa safi, na ile isiyosikika hakuna wa kuibuni.

Kwa hivyo, ukilipia studio, usione haya. Mwambie fundi arekodi dakika moja ya sehemu yenye kishindo zaidi, kisha nyote msikilize kabla ya kuanza. Ikikwaruza, ulizia pedi. Ikinguruma, ulizia kichujio. Mmoja akipotea, ulizia alama ya moyo.

Wanakwaya wale wameanza kuchanga upya. Dakika moja ingewaokolea miezi yote hiyo.