Gogo wa Ndalat alitunyima kisingizio

Kwenu mnamwitaje nyanya? Mtaani wengi wetu tunasema shosho. Ukambani ni susu, Nyanza ni dani, Pwani ni bibi. Ukifika Nandi ni gogo, na kuna gogo mmoja ambaye jina hilo lilimganda hadi watu wa ng'ambo wakamjua kwalo. Huyo ni Priscilla Sitienei wa kijiji cha Ndalat. Alifariki Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 99, na bado alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mwanafunzi.

Gogo alikulia enzi za Mwingereza, na utoto wake ukapita bila kujua kusoma wala kuandika. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mkunga wa kijiji, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 65. Halafu mwaka wa 2010, wakati wenzake wa rika hilo wanaota jua mlangoni, akabisha hodi katika shule ya Leaders Vision Preparatory akitaka kuandikishwa. Mwanzoni walimkataa. Hata mimi ningedhani ni mzaha. Lakini mama hakubanduka, wakaona hana mchezo, wakampa nafasi.

Na hakwenda kupigwa picha halafu arudi nyumbani. Alivaa sare, akafanya hisabati na Kiingereza, akaimba na kucheza na wenzake, na usiku akalala bwenini. Darasani aliketi na vilembwe wake, yaani watoto wa vitukuu wake. Baadhi ya wanafunzi wenzake ni yeye mwenyewe aliyewapokea siku waliyozaliwa. Hebu fikiria unaazima raba kwa mtu aliyekukata kitovu!

Ukimuuliza sababu, alikuwa nayo tayari. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe bila kusomewa. Pia ilimuuma kuona vijana wanazurura kijijini, wengine tayari wana watoto, shule wameiacha. Aliwasimamisha na kuwauliza mbona hawako darasani. Wakimjibu kwamba wamekuwa wakubwa sana, aliwaambia kwamba yeye yuko shuleni, kwa hivyo hata wao waende. Sasa hapo utajibu nini?

Shuleni hakuwa wa kupokea tu. Aliwakusanya watoto chini ya miti na kuwasimulia hadithi ili mila zisipotee. Mwaka wa 2021 ikatoka filamu kumhusu, iliyoongozwa na Mfaransa Pascal Plisson. Ilipewa jina moja tu: Gogo.

Huenda wewe unamkumbuka zaidi mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kuondoa karo ya shule za msingi mwaka wa 2003. Maruge alifariki mwaka wa 2009 bila kufikia mtihani wa mwisho. Gogo naye alikuwa akijiandaa kwa mtihani wake wakati kifua kilipomsumbua, akaaga dunia siku chache kabla ya karatasi ya kwanza.

Kwa hivyo Gogo hakupata cheti. Na hapa ndipo nataka tuongee, wewe na mimi.

Mimi nilitoka chuoni mwaka wa pili, karo ilipokwama. Tangu hapo nimejifunza kwamba Kenya hii mtu huulizwa karatasi kabla ya kuulizwa anajua nini. Kwenye harusi na matanga, shangazi watakuuliza "ulimaliza?" kabla hawajakuuliza kama umekula. Ukizoea maswali hayo unaanza kuamini kwamba usipokuwa na cheti hukusoma chochote, na kwamba ukigonga miaka 25 bila hicho cheti, basi gari limekuacha steji.

Pima maisha ya Gogo kwa kipimo hicho uone. Zaidi ya miaka kumi darasani, karatasi sifuri. Lakini mama aliyeingia bila kujua herufi alitoka anasoma na kuandika. Hakuna mtihani ambao ungemwongezea au kumpunguzia hilo.

Najua utaniambia Gogo hakuwa anatafuta kazi, wala landlodi hakuwa anamgongea mlango tarehe tano. Kweli kabisa. Karo haishuki kwa sababu umesoma hadithi tamu kwenye simu, na mtu asikudanganye kwamba moyo ukipenda pesa zitajileta. Kama kinachokuzuia ni pesa, hilo ni tatizo la pesa, na wewe si mvivu.

Lakini tuambiane ukweli. Tunawajua watu waliopata karo hatimaye na bado hawakurudi. Walihofia kuketi na watoto wa juzi, kuitwa "mzee" darasani, kukutana korido moja na mdogo wao. Wengine hata kozi ya ufundi ya miezi michache wanaiona ni ya waliofeli. Sasa hiyo si karo tena, ni aibu. Hiyo ndiyo Gogo aliyoikalia juu, na kofia yake ya uzee kichwani, kwenye dawati la mtoto wa miaka kumi. Siku yangu ya kurudi ikifika, nitaketi na waliozaliwa nikiwa darasa la kwanza, na watanizoea.

Kuna jambo lingine. Gogo alipata bahati ya kuulizwa maswali. Walikuja wanahabari, wakaja na kamera. Shosho wako hana kamera inayomfuata. Wengi wetu tukimpigia simu tunauliza kama amekunywa dawa na kama ile M-Pesa imefika, basi tunakata.

Wikendi hii mpigie, na umuulize jambo ambalo hujawahi kumuuliza: alipokuwa msichana, alitaka kusomea nini? Nani alimzuia? Rekodi jibu, kwa lugha yake, hata kama huielewi yote. Na akikuambia bado anatamani kujua kusoma, usicheke. Mnunulie kalamu.