Ramani Sahihi, Umeme wa Uhakika: Fahamu Kazi ya Mtaalamu Mshauri wa Ramani za Miundombinu ya Umeme

BUNDA, MARA: Umeme unapokatika usiku wa mvua katika eneo la Kibara, wilayani Bunda, swali la kwanza la fundi wa zamu ni moja: hitilafu iko wapi? Nguzo zimesambaa kutoka mjini Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, hadi Nyamuswa upande wa mashariki, na hadi Kibara na Kisorya kando ya Ziwa Victoria. Fundi asiyejua pa kuanzia hulazimika kuifuata laini nguzo kwa nguzo gizani, huku zahanati, pampu za maji na mashine za kusaga zikisubiri.

Jibu la swali hilo hutegemea kazi ya mtaalamu ambaye mwananchi hamuoni mara nyingi, yaani mtaalamu mshauri mwandamizi wa teknolojia ya ramani katika mashirika ya umeme. Jukumu lake ni kuhakikisha kuwa kilichopo kwenye ramani ndicho kilichopo ardhini.

Ramani yenye kumbukumbu

Mtaalamu huyo hutumia Mfumo wa Taarifa za Kijiografia. Katika mfumo huo, kila nguzo, transfoma, swichi na mita ya LUKU huwa na namba yake, majira ya nukta yanayoonesha mahali ilipo, pamoja na taarifa zake: aina, ukubwa, mwaka wa kufungwa na hali yake.

Jambo la msingi zaidi ni uhusiano wa vifaa hivyo. Umeme hutoka kwenye kituo cha kupoza, husafiri kwenye laini za msongo wa kilovolti 33 au 11, hufika kwenye transfoma na kushushwa hadi volti 400 na 230 zinazotumiwa na wateja. Ramani iliyokamilika huonesha mnyororo huo wote: mita hii inalishwa na nguzo ipi, nguzo hiyo na transfoma ipi, na transfoma hiyo na laini ipi.

Hivyo, wateja kumi wa mtaa mmoja wakitoa taarifa ya kukosa umeme, mfumo huwafuatilia hadi mahali wanapokutana. Iwapo wote wako chini ya transfoma moja, na wateja wa transfoma ya jirani wana umeme, fundi hutumwa moja kwa moja kwenye transfoma hiyo.

Kosa la mita 300

Ugumu wa kazi hii huanza kwenye vipimo. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa kutumia mfumo rejea wa upimaji unaoitwa Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya satelaiti hutumia mfumo wa WGS84. Nukta ileile, ikisomwa kwa mfumo mmoja na kuchorwa kwenye mwingine bila kubadilishwa, husogea takriban mita 300. Kwa laini inayopita karibu na ufukwe wa Ghuba ya Speke, kosa hilo linatosha kuonesha nguzo ikiwa imesimama ziwani.

Kwa sababu hiyo, kabla ya timu kwenda uwandani, mtaalamu mshauri huamua mfumo mmoja wa kutumika, kiwango cha usahihi kinachohitajika na kifaa kinachofaa. Simu ya kawaida katika eneo la wazi hukosea kwa mita chache, jambo linalovumilika katika kutafuta mita ya mteja. Usanifu wa njia mpya ya umeme au mipaka ya mkuza wake huhitaji vifaa vya upimaji vyenye usahihi wa sentimita.

Usalama wa fundi na matumizi ya fedha

Makosa ya ramani yanaweza kugharimu maisha. Kabla ya fundi kupanda nguzo, laini huzimwa, hupimwa kuthibitisha kuwa haina umeme, kisha huunganishwa na ardhi. Laini inayoweza kulishwa kutoka pande mbili, isipooneshwa hivyo kwenye ramani, inaweza kuzimwa upande mmoja na kubaki na umeme kutoka upande wa pili. Ndiyo maana ramani haichukui nafasi ya kupima laini kabla ya kazi. Huongeza kinga juu ya kinga.

Ramani pia husaidia kupanga matumizi ya fedha za umma. Transfoma ya kVA 50 inayohudumia nyumba na maduka huanza kuelemewa pale zinapoongezwa mashine mbili za kusaga za kilowati 15 kila moja, kwani hizo pekee huchukua zaidi ya nusu ya uwezo wake. Mtaalamu anayeona idadi na aina ya wateja wa kila transfoma anaweza kushauri ipi ibadilishwe kabla haijaungua. Vilevile, kwa kulinganisha umeme uliopita kwenye transfoma na uniti zilizonunuliwa na wateja wake, shirika hutambua mahali umeme unapopotea.

Umuhimu huo umeongezeka kadiri mtandao wa umeme unavyopanuka. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, umesimamia upelekaji wa umeme katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi sasa imeelekezwa vitongojini, ambavyo idadi yake ni 64,359. Kujua kitongoji kipi kiko karibu na laini iliyopo, na kipi kinahitaji laini mpya, ni kazi ya ramani.

Ardhi hubadilika

Ramani iliyo sahihi leo inaweza kupotosha kesho. Bunda ina mfano ulio wazi katika Kata ya Nyatwali, ambako Serikali iliamua kuhamisha wananchi ili kupisha ushoroba wa wanyamapori kati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Ziwa Victoria. Wananchi wanapohama, mahitaji ya umeme huhama nao. Ramani isiyohuishwa huendelea kuhesabu wateja ambao hawapo na kuwasahau waliohamia kwingine. Kwa hiyo, ushauri bora wa mtaalamu huyo ni utaratibu wa kila siku: fundi anayebadilisha nguzo au kufunga mita ahuishe kumbukumbu siku hiyohiyo.

Elimu na uzoefu

Wanaoifikia nafasi hii huanzia kwenye upimaji ardhi, jiomatikia, uhandisi wa umeme au teknolojia ya habari. Nchini, masomo ya upimaji hutolewa na taasisi kama Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam na Chuo cha Ardhi Morogoro. Uandamizi huja kwa uzoefu wa kuunganisha fani mbili: kuielewa ramani na kuuelewa umeme.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi anayeomba kuunganishiwa umeme kupitia mfumo wa NIKONEKT anapaswa kueleza kwa usahihi eneo lake na kutumia anwani yake ya makazi. Anapotoa taarifa ya hitilafu kwa TANESCO kupitia namba 180, ataje namba ya mita, mtaa au kitongoji, na kueleza iwapo majirani nao hawana umeme. Asihamishe mita wala kujenga ndani ya mkuza wa laini. Akiona nguzo iliyoanguka au waya uliokatika, asiusogelee, awazuie wengine, na atoe taarifa mara moja. Taarifa hiyo, ikitaja mahali sahihi, humfikisha fundi mapema kwenye eneo la hatari.