Kamba bandia: mtaji mdogo unaoishia miambani

MWENYE duka la zana za uvuvi anayetafuta bidhaa ndogo yenye mzunguko wa haraka hana budi kukiangalia upya kifaa kimoja ambacho wengi hukitundika nyuma ya mshipi na ndoana bila kukijali: kamba bandia wa kuvulia ngisi. Kamba anayezungumzwa hapa ni yule wa baharini, nduguye kambamiti, si kamba ya kutia nanga.

Kwa mwekezaji mdogo kifaa hiki kina sifa mbili zinazovutana. Hakihitaji mtaji mkubwa, na hupotea upesi. Sifa hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mvuvi arudi dukani, lakini pia ndiyo inayomfilisi, na mvuvi aliyefilisika halipi deni. Hapo ndipo ilipo hesabu ya biashara yenyewe, na ni hesabu ambayo wauzaji wengi hawaipigi hadi mwisho.

Asili ya kamba bandia wa aina hii ni kusini mwa Japani, ambako wavuvi walimchonga kwa mti karne kadhaa zilizopita. Wa siku hizi ni wa plastiki iliyovikwa kitambaa, ana kipande cha risasi chini ya kidevu, na mkiani ana safu moja au mbili za sindano zilizopindwa kuelekea juu. Sindano hizo hazina kikwepa cha kuzuia windo lisichomoke kama ndoana ya kawaida. Ngisi, mwenye minyiri minane mifupi na miwili mirefu, humkumbatia kamba akidhani amepata chakula na kunasa kwenye sindano. Mshipi ukilegea kidogo tu, amekwenda zake.

Vipimo vyake hutajwa kwa namba. Zinazotembea zaidi ni 2.5, 3.0 na 3.5. Namba 3.0 ina urefu wa karibu sentimita 9 na uzito wa gramu 15 hivi, wakati 3.5 hufikia sentimita 10 na nusu na gramu 20. Namba 3.5 ya kawaida huchukua sekunde kama tatu kuzama mita moja. Mteja akiuliza tofauti ya bei kati ya kamba wawili wanaofanana, jibu mara nyingi limo kwenye namna wanavyozama.

Muuzaji anaweza kulithibitisha hilo kabla ya kununua kwa jumla. Pipa moja la maji linatosha. Kamba mzuri huzama taratibu, pua ikiwa chini na mkia juu kwa mshazari, bila kuzunguka. Anayezunguka kama pia, au anayelala ubavu, hafai hata akiwa na rangi za kupendeza. Aidha, sindano zijaribiwe kwa koleo: zile za chuma duni hunyooka kwa kuvutwa kidogo, na baada ya usiku michache ya maji ya chumvi hushika kutu mpaka kwenye shina.

Kuhusu rangi, ushauri ni kutojaza rafu. Ngisi, kwa kadiri wataalamu wanavyojua, haoni rangi kama binadamu aonavyo, bali hutofautisha mwanga na kivuli. Rangi za kahawia na kijani kibichi kwa maji safi ya mchana, waridi au chungwa kwa magharibi na maji yaliyotibuka, na zile zinazong'aa gizani kwa usiku, zinatosha kwa kuanzia. Rangi nyingine kumi na tano hunasa wanunuzi kabla ya kunasa ngisi.

HESABU YA MVUVI

Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu na si bei ya soko ya wiki hii, kwamba kamba bandia mmoja anauzwa Sh. 5,000 na kilo ya ngisi ufukweni ni Sh. 8,000. Mvuvi akipata kilo nne kwa usiku, mauzo yake ni Sh. 32,000. Akipoteza kamba wawili kwenye matumbawe, Sh. 10,000 imezama, yaani karibu theluthi ya mauzo, kabla hajatoa mafuta, barafu na fungu la mwenye chombo.

Sasa ichukuliwe kwamba mvuvi huyo huyo amefunga zana yake vizuri na anapoteza kamba mmoja kwa kila siku mbili. Hasara ya usiku mmoja inashuka hadi Sh. 2,500. Ameokoa Sh. 7,500 kila usiku, na kwa usiku kumi na tano wa kazi ni Sh. 112,500, fedha ya kununulia kamba wapya ishirini na wawili na chenji ikabaki. Hakuna ngisi hata mmoja aliyeongezeka katika hesabu hii. Fedha yote imetokana na kutoacha zana miambani.

Marekebisho yanayoleta tofauti hiyo hayahitaji mashine. La kwanza ni namna ya kufunga. Badala ya kamba kubeba uzito wote na kuburuzwa chini, mshipi mkuu huwekewa matawi mawili. Tawi moja hushuka moja kwa moja na kubeba chubwi. Tawi la pili, lenye urefu wa mkono hivi, hutoka pembeni likiwa na kamba, ambaye huogelea juu ya mwamba bila kuugusa. Siri iko kwenye tawi la chubwi, ambalo lazima liwe la nailoni nyembamba kuliko mshipi mkuu. Likinasa, hukatika lenyewe na kinachopotea ni uzito tu. Nati ya kutu au plagi kuukuu ya gari, ambayo fundi wa gereji huitupa, inafaa kabisa kuwa chubwi.

La pili ni sindano. Zile za upande wa tumbo ndizo zinazokwaruza mwamba na kuokota nyasi za baharini. Anayevua kwenye matumbawe huzikata kwa koleo na kubakiza za juu na za ubavuni. Ngisi wachache watachomoka, lakini kamba wengi watarudi nyumbani, na kwa bei za leo za zana mabadilishano hayo yanalipa.

La tatu ni uzito, na hapa bahari yenyewe ndiyo inayoamua. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam huzidi mita tatu, na mkondo humbeba kamba mwepesi kabla hajafika chini. Mvuvi huzungushia shingo ya kamba waya wa risasi, ule wa kulehemia redio, mizunguko mitano au sita. Maji yakiwa mafu anauondoa. Kwenye maji mafupi juu ya nyasi hufanya kinyume chake, anaipiga tupa risasi ya kidevuni ili kamba azame polepole zaidi. Kila badiliko lirudishwe kwenye pipa kupimwa, kwani uzito ukikaa nyuma sana pua huinuka na kamba anakuwa kijiti tu.

Fundo la kwenye pua liwe tanzi, si la kukaza, ili kamba acheze. Kitambaa kikichanika, kipande cha nguo laini na gundi ya kuchanganya humrudisha kazini. Akioshwa kwa maji baridi kila asubuhi, sindano hudumu.

Kwa mwenye duka, yote haya yanaweza kuonekana kama kumfundisha mteja asinunue. Hiyo ni hesabu fupi. Wauzaji wanaotoa zana kwa mkopo ili walipwe kwa mauzo ya ngisi ndio wanaobeba hasara ya kila kamba anayebaki miambani, wakijua wasijue. Muuzaji wa namna hiyo anafaidika zaidi akiuza kamba akiwa tayari amefungwa na tawi lake jembamba, na akipokea wakongwe kwa matengenezo. Kazi ya koleo na gundi haina ushuru wa forodha. Ni muhimu pia pande mbili ziandikiane mapema nani anabeba kamba aliyepotea, mwenye chombo, mvuvi au mkopeshaji. Deni la mdomo husababisha ugomvi ufukweni.

Ipo pia aina nyingine, kamba wa plastiki laini kama mpira, anayevuliwa kolekole na changu. Huyu anahitaji uangalifu ghalani. Akiachwa juani mkia hupinda na haunyooki tena, na akichanganywa na wa rangi nyingine huambukizana rangi. Abaki kwenye mfuko wake hadi siku ya kuuzwa.

SOKO LA NGISI

Ngisi wa mshipi hufika nchi kavu akiwa mzima, ngozi haijachunika kama anayesagwa kwenye wavu, na kwa wanunuzi wa hoteli na wa kusafirisha nje hilo lina thamani. Lakini bila barafu chomboni sifa hiyo huisha kabla ya mnada wa Feri, na mzigo huishia kwa wachuuzi wa kukaanga kwa bei yao. Mwenye Sh. 100,000 ya kuongeza kwenye biashara hii afikirie sanduku la barafu kabla ya katoni ya pili ya kamba.

Mwekezaji aliyezoea hisa, tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofunguliwa Aprili 1998 kwa hisa za TOL, atauliza gawio linakuja lini. Hapa hufuata mwezi. Usiku wa giza, taa ya chombo huvuta samaki wadogo na ngisi hufuata. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina nguvu. Wakati wa kusi kali vyombo vidogo hukaa ufukweni siku nyingi. Mkopo wa kulipwa kila wiki kwa kiwango kile kile haufai biashara ya namna hii.

Wateja wa Kinondoni, kuanzia Msasani na Kawe hadi Kunduchi na Mbweni, wakumbushwe kwamba visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975. Upande wa kusini, visiwa vya Sinda, Makatumbe na Kendwa viliongezwa 2007. Miamba yake inavutia ngisi, lakini kuvua humo ni kosa.