Theluji si barafu: Umuhimu wa istilahi mlimani

KISWAHILI kilipata ‘theluji’ kutoka Kiarabu na ‘barafu’ kutoka Kiajemi, ambamo neno hilo humaanisha theluji. Wengi wetu huyachanganya tu. Katika Milima ya Alps, kuyachanganya kwaweza kuua.

Hebu tazama. Majira ya kuchipua, theluji iliyojaa katika korongo jembamba huyeyuka mchana, kisha huganda usiku mbingu ikiwa haina mawingu. Alfajiri huwa ngumu kama barafu. Mpandaji huikwea kwa njumu za chuma na sururu ndogo. Jua likichomoza, tabaka la juu hulainika likawa chembechembe kama chumvi ya mawe. Huo ndio wakati wa kuteleza kwa ski. Ukichelewa, theluji hulowa, huporomoka na kukufukia. Na usiku ukiwa na mawingu, haigandi vizuri: heri ulale.

Mbona basi sisi, tulio na Mlima Kenya na Kilimanjaro, tuseme ‘theluji’ tukanyamaza? Napendekeza ‘theluji ngumu’, ‘theluji chembe’ na ‘theluji tepetepe’. Mwelekezi anayemwonya mwenzake hana nafasi ya kufafanua, anahitaji neno.