Zulia la kijani katika tangi la samaki: Mwanga hafifu si kikwazo

KWA miongo kadhaa sasa, samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakisafirishwa kwenda Ulaya na Amerika, ambako hufugwa katika matangi ya kioo sebuleni. Ziwa hilo lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Kwa mkazi wa Kibondo au Kasulu anayetamani kuwa na tangi kama hilo, tatizo la kwanza huwa mimea. Wengi huvutiwa na picha za matangi ambayo sakafu yake imefunikwa na majani mafupi mithili ya zulia. Wakijaribu nyumbani, majani hurefuka, hupauka na hatimaye huoza.

Sababu ni mwanga. Mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga, maji na hewa ya ukaa. Mwanga ukipungua, mmea huelekeza nguvu zake juu kuutafuta badala ya kutambaa. Maji nayo hupunguza mwanga kadiri kina kinavyoongezeka, hivyo mmea ulio chini kabisa ndio unaopata kidogo kuliko yote. Sebule yenye baraza pana na madirisha madogo inaweza kuwa na giza hata saa sita mchana.

Suluhisho la kwanza ni kuchagua mimea inayostahimili kivuli. Cryptocoryne parva, yenye asili ya Sri Lanka, ni fupi na haihitaji kukatwa mara kwa mara, ingawa hukua polepole mno. Marsilea, yenye majani madogo yanayotambaa, ina ndugu zake wanaoota katika madimbwi na mashamba ya mpunga barani Afrika. Kuvumwani cha Java hakihitaji udongo. Hufungwa kwa uzi juu ya mawe bapa, na mawe hayo yakipangwa pamoja hufanya zulia. Njia hiyo inawafaa zaidi wafugaji wa samaki wa Tanganyika, kwa kuwa wengi wa samaki hao huchimba mchanga na kung'oa mizizi.

Pili, tangi liwe la kina kifupi. Sentimita 30 za maji zinatosha. Mchanga uoshwe vizuri na uwekwe kwa unene wa sentimita tano hivi, kisha miche ipandwe kwa kuachana sentimita mbili au tatu.

Tatu, taa ndogo ya LED iwashwe kwa saa sita hadi nane kwa siku. Kuiwasha usiku na mchana hakuharakishi zulia, bali hustawisha mwani, ambao hufunika majani na kuyanyima mwanga. Kuliweka tangi kwenye jua la dirishani huleta matokeo yayo hayo. Katika mwanga hafifu hakuna haja ya mitungi ya hewa ya ukaa wala mbolea nyingi. Kinyesi cha samaki wachache kinatosha kuirutubisha mimea.

Lipo pia suala la umeme. Mchana mimea hutoa oksijeni, lakini usiku huitumia kama samaki wanavyofanya. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, tangi lililosongamana mimea na samaki linaweza kuishiwa oksijeni kabla ya alfajiri. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji, dalili ndiyo hiyo. Kinga yake ni kufuga samaki wachache, kuondoa majani yaliyooza na kuchota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu hadi umeme urudi.

Jambo zito zaidi, hata hivyo, hutokea nje ya nyumba. Mimea iliyopunguzwa isitupwe mtoni wala mtaroni. Gugu maji, lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lina asili ya Amerika ya Kusini na lilisambazwa duniani kama ua la mapambo. Wavuvi wa ziwa hilo wanafahamu namna lilivyoziba mialo na kukwamisha mitumbwi.

Maji ya Kibondo na Kasulu huelekea Mto Malagarasi, ambao humwaga Ziwa Tanganyika. Bonde lake, Malagarasi-Muyovozi, ndilo ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kipande kidogo cha mmea wa kigeni kinaweza kuota upya mahali ambapo hakuna wa kukizuia.

Kwa hiyo masalia ya tangi yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yafukiwe shimoni. Maji yake yamwagiwe bustani ya mchicha, ambayo itanufaika nayo.