Pesa Imerudi, Maoni Yabaki

“Dada, pesa yako nimekurudishia yote pamoja na ya usafiri. Naomba sasa unifutie yale maoni, yananiharibia biashara.”

Ujumbe wa aina hii ni wa kawaida kwa wanaonunua vitu mtandaoni. Tuseme blenda iliyotangazwa kuwa mpya imefika na jagi lenye ufa, na visu vyake vina alama za kutumika. Mteja ameandika hivyo hivyo, ameweka na picha, kisha akatoa nyota moja. Muuzaji hakubishana, pesa kalipa. Sasa anaomba, na mteja anaona haya kukataa. Ushauri wangu: asifute. Ila asiiache habari nusunusu, aongeze na kilichofuata.

Kwanza tujiulize maoni hayo ni ya nani. Mwenye shida na muuzaji humwandikia muuzaji mwenyewe, faraghani, wakayamaliza. Maoni ya hadharani ni ya mtu wa tatu, yule atakayetafuta blenda wiki ijayo. Dukani angeichomeka kwenye umeme, akasikiliza mota, akageuza jagi kwenye mwanga. Mtandaoni ananunua mbuzi kwenye gunia, na waliomtangulia ndio macho yake. Ukifuta, unamsamehe muuzaji kwa gharama ya mtu ambaye hukumuuliza.

Historia ya eBay inaonyesha jinsi ukweli unavyoweza kukauka sokoni. Soko hilo la Marekani lilianza mwaka 1995, na mwaka uliofuata mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, akaweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana alama hadharani. Wazo lilikuwa zuri, lakini likaja na kasoro: mnunuzi akitoa alama mbaya, muuzaji naye aliweza kumlipizia. Wasomi Paul Resnick na Richard Zeckhauser walipochunguza miamala ya mwaka 1999, walikuta zaidi ya asilimia 99 ya maoni ya wanunuzi ni ya kusifia. Biashara ya namna hiyo, ya watu wasiojuana kabisa, haiwezi kuwa safi kiasi hicho. Hofu ya kulipiziwa ilikuwa na mchango wake, na wasioridhika wengi walinyamaza tu. Mwaka 2008 eBay ikawaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama hasi. Kwa kuwa wengi hunyamaza, lalamiko moja la kweli, lenye maelezo na picha, lina uzito kuliko “mzigo nimepata, asante” thelathini.

Pili, kurudishiwa pesa si fadhila ya kulipwa kwa ukimya. Kuuza kilichotumika kwa jina la kipya ni udanganyifu. Sheria ya kulinda walaji ya Kenya ya mwaka 2012 inaukataza, na ya ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 pia inakataza kumpotosha mnunuzi. Pesa iliyorudi ilikuwa yako tangu mwanzo. Muuzaji akisema atairudisha baada ya maoni kufutwa, hapo anakuuzia haki yako mwenyewe. Amazon inawakataza wauzaji kumwomba mteja abadilishe au afute maoni yake. Marekani ilitunga sheria mwaka 2016 ya kubatilisha vipengele vya mikataba vinavyomfunga mteja mdomo, na kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinakataza kumlipa mtu ili aandike maoni ya kusifia au ya kuponda, na kumtisha ili ayaondoe.

Hata hivyo, yako maoni yanayostahili kubadilishwa. Ikiwa ulimlaumu muuzaji kwa kuchelewa, kumbe mzigo ulilala kwa msafirishaji uliyemchagua wewe, rekebisha mara moja. Ikiwa uliandika kwa hasira ukamwita mwizi bila ushahidi, ondoa neno hilo ubaki na ulichokiona. Kasoro ikitatuliwa vizuri, nyota nazo zinaweza kupanda, kwa sababu namna muuzaji anavyorekebisha kosa ni sehemu ya huduma yake. eBay imeweka njia ya hili: muuzaji anaweza kumwomba mnunuzi arekebishe maoni ndani ya siku 30, mnunuzi ana siku 10 za kujibu, na maombi yana ukomo, matano kwa kila maoni 1,000 aliyopokea. Ukomo huo una maana: marekebisho yawe nadra, yasigeuke dawa ya kusafishia jina.

Nyongeza nzuri haizidi mistari michache. “Blenda ilitangazwa mpya, ikafika na ufa kwenye jagi na dalili za kutumika. Nilipolalamika, muuzaji alijibu siku hiyo hiyo, akanirudishia pesa yote na nauli. Nimeongeza nyota mbili kwa hilo.” Msomaji amepata hatari na amepata faraja, apime mwenyewe. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu hapa, kwani mnunuzi makini huogopa zaidi duka lisilorudisha pesa kuliko lililowahi kukosea.

Ugumu uko kwa wanaonunua kupitia Instagram, kama tulivyo wengi Afrika Mashariki. Pale ukurasa ni wa muuzaji: anafuta maoni kwa kubofya tu, na wewe anakublok. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia kama maoni yamefungwa, na uliza wateja wa zamani kwa ujumbe wa faragha. Ukishapata hasara, piga picha ya tangazo, ya mazungumzo na ya risiti ya muamala, tena mapema, kabla tangazo halijabadilishwa.

Anayekuomba kwa upole mjibu kwa upole: “Kaka, nashukuru umerudisha pesa, nitaandika hilo pale pale ili wengine wajue.” Akibembeleza tena, mwambie naye ajibu hadharani chini ya maoni yako, aeleze kilichotokea na alichobadilisha dukani. Akianza kutishia, hifadhi ujumbe wake, uripoti kwa wenye soko, na maoni uyaache kama yalivyo.